Chai ya Sikukuu Ionjwe Kabla ya Kusifiwa

Msimu wa sikukuu umewadia. Tangu tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, kupitia Krismasi na Mwaka Mpya, hadi tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, hakuna nyumba katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, wala katika visiwa vya Ziwa, ambayo haitatia birika jikoni kwa ajili ya mgeni. Mwenye ng'ombe atachinja, na asiye na ng'ombe atachinja kuku. Lakini mwenye nacho na asiye nacho watakutana mahali pamoja, nao ni penye kikombe cha chai. Kwa sababu hiyo, yafaa tuzungumze juu ya chai, kwa kuwa jambo linalomfika kila mwananchi si jambo dogo hata kama bei yake ni ndogo.

Katika majuma haya, masoko ya Katoro, Kahama, Geita na Shinyanga hujaa chai za kila namna. Ipo chai ya tangawizi, ya iliki, ya mdalasini, ya karafuu, ya mchaichai, ya vanila, na nyingine ambayo imechanganywa viungo vyote hivyo pamoja na kupewa jina la kupendeza. Nyingine huja katika pakiti za rangi nyekundu na dhahabu, na nyingine hupimwa kwa kijiko kutoka katika ndoo iliyo wazi. Wauzaji huita wapita njia, humfungulia mtu kifuko na kumwambia: "Nusa, mama, nusa!" Naye mama hunusa, hutabasamu, hulipa na kuondoka. Hapo ndipo biashara inapokwisha. Na hapo ndipo kosa linapoanzia, maana ameinunua harufu na majani hajayajua.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tungependa kuongeza kwamba katika msimu wa sikukuu, kibaya hujipaka manukato kwanza ndipo kijitembeze. Kiungo kikali kina uwezo wa kuficha mambo mengi: majani yaliyochakaa kwa kukaa ghalani miaka, majani yaliyopata ukungu kwa unyevu, vijiti na nyuzi zilizosagwa, hata majani yaliyokwisha kuchemshwa mara moja yakakaushwa tena na kutiwa rangi. Hatusemi kwamba kila chai ya viungo iko hivyo. Wapo wafanyabiashara waaminifu, nao ni wengi. Tunachosema ni kwamba mnunuzi anayenusa tu hana njia ya kumtenganisha mwaminifu na laghai, na mahali ambapo hawatenganishwi, mwaminifu ndiye anayepata hasara.

Jambo hili lingekuwa la ajabu kidogo mahali pengine, lakini katika mikoa yetu ni la ajabu sana. Sisi ni watu wa kupima. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa hawezi kuuza gramu moja ya dhahabu bila mizani kusema. Mnunuzi naye hatoi fedha zake mpaka ajue usafi wa kipande kile. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita kusudi biashara hiyo ifanyike hadharani, mizani ikionekana na bei ikijulikana, na mchimbaji asidhulumiwe kichochoroni. Kule Mwadui, tangu mgodi wa almasi ulipoanzishwa mwaka 1940, kazi ya kupima mawe imekuwa ya jicho la mtaalamu. Inakuwaje basi mtu yule yule anayebishana kwa sehemu ya kumi ya gramu ya dhahabu, akifika gengeni kununua kitu kitakachoingia tumboni mwake na mwa watoto wake, aridhike na harufu?

Isidhaniwe kwamba tunapinga viungo. Kutia chai viungo ni ustadi wa zamani na wenye heshima. Wachina wa jimbo la Fujian hutandaza majani ya chai pamoja na maua mabichi ya asumini usiku, huyaondoa maua asubuhi na kurudia kwa maua mapya, mpaka majani yameinywa harufu yote. Wahindi wana chai yao ya masala, ambayo ilivuka bahari ikafika kwetu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kwa karafuu, mdalasini na iliki yao, wamewafundisha watu wa Bara kwamba kikombe cha asubuhi kinaweza kuwa na furaha ndani yake. Na katika mkoa jirani wa Kagera wakulima wanalima chai na vanila pia. Hivyo chai nzuri ya viungo inayonywewa Shinyanga ni mkutano wa majani ya Bara na viungo vya Visiwani, na hatuoni kinywaji kinachostahili zaidi meza ya sikukuu ya taifa letu. Ila mkutano ni lazima uwe wa watu wazima wawili. Kiungo kimekusudiwa kuipamba chai nzuri. Kikifanywa sanda ya chai iliyokufa, kimedhulumiwa nacho pia.

Basi chai ihukumiwe namna gani? Waonjaji wa viwandani na wa minadani wana utaratibu wao, na hauna siri yoyote. Shirika la Kimataifa la Viwango liliuandika mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na kuachwa kwa dakika 6. Mwonjaji hutazama mambo matatu. Kwanza hutazama majani makavu: je, yana rangi moja, ni mazito mkononi, au yamejaa vijiti na nyuzi? Pili hutazama majani yaliyokwisha kulowana: je, yana rangi ya shaba inayong'aa, au yamekuwa meusi na butu? Tatu hutazama maji yenyewe, kisha huchota kijiko, huvuta kwa nguvu pamoja na hewa ili ladha ienee kinywani na harufu ipande puani, na hutema. Hana haja ya sukari, maziwa wala tangawizi. Anataka kujua chai inasema nini ikiwa peke yake.

Utaratibu huo unaweza kufanywa katika jiko lolote la Bukombe au Nansio. Chukua chai mbili au tatu unazoziwazia. Tia kijiko kidogo kimoja, kilichosawazishwa, katika kila kikombe. Vikombe viwe sawa, maji yawe ya birika moja, na muda uwe mmoja. Funika, subiri dakika sita, chuja, onja ikiwa bado ya moto, kisha onja tena ikipoa. Chai dhaifu hujisema yenyewe inapopoa, kwani harufu hupungua na uchachu wa majani mabovu hubaki. Ikiwa chai imekwisha kuchanganywa viungo kiwandani, tandaza kidogo juu ya karatasi nyeupe na utenganishe kwa ncha ya kisu: majani upande huu, viungo upande huu. Mara nyingi kazi hiyo peke yake itakufundisha mengi. Tena, weka chembe chache za majani juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa kwa maji baridi. Chai halisi huachia rangi yake polepole. Iliyopakwa rangi huchafua karatasi mara moja kwa madoa makali.

Hapa inafaa tuondoe dhana moja. Wapo wanaoamini kwamba chai ya majani madogo, inayofanana na vumbi, ni takataka za kiwandani. Sivyo. Katika viwanda vya Afrika Mashariki majani hukatwa na kusagwa kwa mashine, kisha huchekechwa kwa ukubwa, na madaraja kama PF1 na D1, ambayo ni ya chembe ndogo, huhesabiwa miongoni mwa madaraja ya kwanza na hununuliwa kwa bei nzuri. Chembe ndogo hutoa rangi upesi na ukali mwingi. Kinachoshusha daraja ni nyuzi, vijiti na majani yaliyokomaa kupita kiasi. Kwa hiyo mwonjaji asidanganywe na umbo, kama asivyopaswa kudanganywa na harufu.

Viungo navyo vina mizani yake. Karafuu nzima yenye mafuta yake, ikitiwa katika bilauri ya maji, huzama. Ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta viwandani na kurudishwa sokoni huelea. Mkulima wa Pemba anajua tofauti hiyo kwa kuibana karafuu kwa ukucha tu, lakini mnunuzi wa Kahama hana ukucha uliofunzwa hivyo, basi na atumie bilauri. Iliki nzuri ina punje nyeusi zenye kunata na harufu inayochoma pua. Iliyokamuliwa ni maganda makavu yasiyo na kitu. Mdalasini halisi ni gamba jembamba lililojikunja tabaka juu ya tabaka kama karatasi. Gamba nene, gumu na la mkunjo mmoja ni la mti wa jamaa yake, ambao ni halali lakini si ule ulioulipia. Ushauri mmoja unazidi yote hayo: nunua viungo vizima, na usage mwenyewe.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya ulimbwende wa kinywa. Mwaka 2023, katika nchi ya Marekani yenye maabara kila mahali, mamia ya watoto walipata sumu ya risasi, yaani madini ya risasi na si ile ya bunduki, kwa kula matofaa yaliyopondwa na kutiwa mdalasini wa unga. Mdalasini ule ulikuwa umechanganywa na kitu chenye risasi. Aliyeuchanganya alijua jambo moja: unga haujulikani ulikotoka. Ikiwa hayo yaliwapata wao, si busara kwetu kuamini kwamba ndoo iliyo wazi sokoni ina malaika anayeilinda.

Tunapenda sasa kuwageukia wasomaji wetu wa visiwani, kuanzia Ukerewe na Ukara hadi Kome, Maisome na visiwa vidogo vya wavuvi visivyo na majina katika ramani za kawaida. Wao wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, maana wao ndio mwisho wa njia. Jani la chai lina tabia moja ambayo kila mwonjaji anaijua: hunyonya harufu ya kitu chochote kilicho karibu nalo. Tabia hiyo ndiyo inayowawezesha Wachina kuipa chai harufu ya asumini, na ndiyo hiyo hiyo inayoifanya chai iliyosafirishwa katika mtumbwi mmoja na dagaa, mafuta ya taa na sabuni ifike mwaloni ikiwa na ladha ya vyote vitatu. Unyevu wa Ziwa huongeza ukungu. Kisha muuzaji, ambaye naye hana kosa isipokuwa umaskini, huongeza unga wa tangawizi ili bidhaa isimwozee mkononi. Mvuvi anayerudi alfajiri akiwa anatetemeka hunywa, huona moto kooni, na husema chai ni kali. Ukali ule ni wa tangawizi. Chai ilikwisha kufa njiani.

Kwa visiwa, basi, dawa ya kwanza ni chombo. Chai ikisafirishwa katika debe au pipa lenye mfuniko unaobana, na ikiwekwa mbali na samaki na mafuta, nusu ya matatizo yamekwisha. Wenye maduka ya visiwani wakikubaliana kukataa chai iliyolowa au iliyofungwa katika gunia, wasafirishaji watabadilika katika msimu mmoja. Mnunuzi mmoja akikataa huitwa mkorofi, lakini mwalo mzima ukikataa, hiyo ni amri.

Lakini hata majani yawe mazuri namna gani, kikombe cha chai karibu chote ni maji. Hapa Shinyanga ina historia yake. Katika baadhi ya maeneo ya mkoa huo maji ya visima yana madini ya floridi kupita kiasi, na alama yake imeonekana kwa miaka mingi katika meno ya watoto, ambayo hugeuka rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Watu wengi wanaamini kwamba kuchemsha maji huondoa kila ubaya. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo ni wajibu wa kila nyumba, hasa inayotumia maji ya Ziwa yasiyotibiwa. Lakini floridi haifi kwa moto. Maji yakipungua kwa kuchemka, yenyewe hubaki na kuzidi kukolea.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mchai wenyewe ni mti unaonyonya floridi kutoka ardhini na kuihifadhi katika majani, na kadiri jani linavyozeeka ndivyo linavyokuwa nayo zaidi. Kwa hiyo chai duni ya majani makuukuu, ikichemshwa muda mrefu katika maji ya kisima chenye floridi, ni mzigo juu ya mzigo. Na mtoto anayepewa kikombe hicho kila asubuhi ndiye anayeubeba. Kiungo hakipunguzi hata chembe ya mzigo huo. Kinachofanya ni kuufanya uwe mtamu. Maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, yamekuwa faraja kubwa tangu miaka ya mwisho ya 2000. Wale waliofikiwa na bomba hilo na wayatumie hayo kwa chai na kwa chakula. Wale ambao bado wanategemea visima wana haki ya kuambiwa na wahandisi wa maji, kwa lugha nyepesi na kwa kila kisima, ni kipi cha kunywa na ni kipi cha kufulia.

Katika machimbo ya dhahabu kuna hatari nyingine. Zebaki inayotumika kushika dhahabu huchomwa ili dhahabu ibaki, na mara kwa mara kazi hiyo hufanywa juu ya jiko la mkaa, karibu na kambi, na pengine jiko lile lile ndilo linalopika chai asubuhi. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na huo ni uamuzi wa kupongezwa. Lakini mkataba hauoshi sufuria. Tunawaomba viongozi wa vikundi vya wachimbaji waweke kanuni moja isiyovunjwa hata siku ya sikukuu: jiko la zebaki lisiwe jiko la chai, chombo cha zebaki kisiwe chombo cha chai, na mama lishe asiweke meza yake mahali dhahabu inapochomwa.

Tumemtaja mama lishe, na hapana budi tumtetee kabla hajashambuliwa. Tunafahamu tabia ya baadhi ya operesheni zetu: likitajwa neno usafi wa chakula, wa kwanza kumwagiwa sufuria ni mwanamke mwenye jiko moja na chupa mbili za chai, ambaye amejidamka saa kumi usiku ili watoto wake wapate sare za shule Januari. Yeye si mtuhumiwa. Yeye ni mnunuzi kama sisi, tena mwenye hasara zaidi, maana akiuziwa majani mabovu hupoteza fedha na wateja pamoja. Anayepaswa kutembelewa kwanza ni mwenye ghala na mwenye mashine ya kufungia pakiti. Maji yakichafuka hutazamwa kwenye chemchemi, na wala hachapwi mwenye kata.

Watatokea pia watakaosema kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua, kwamba hununua kilicho rahisi, na kwamba kuonja ni mchezo wa wenye nafasi. Hoja hiyo tunaiheshimu lakini hatuikubali. Kijiko kimoja cha chai nzuri hutoa vikombe vingi zaidi ya vijiko viwili vya chai mbovu, na mwenye fedha kidogo ndiye asiyeweza kumudu kuibiwa. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipopatikana kwa foleni, na tulikunywa tulichopewa kwa kuwa hapakuwa na kingine. Leo kingine kipo. Kuendelea kunywa kwa tabia ya siku za uhaba, katika siku ambazo duka limejaa, si unyenyekevu bali ni uzembe.

Sasa tunawageukia maofisa wa Serikali, ambao nao ni wasomaji wetu. Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula Tanzania Bara umewekwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na halmashauri zina maofisa afya na maofisa biashara. Sheria haikosekani. Kinachokosekana katika msimu wa sikukuu ni kwamba ukaguzi hufanywa baada ya mali kuuzwa, na matokeo yake hubaki katika majalada. Tunashauri mambo matatu. Sampuli zichukuliwe mapema, kabla mizigo haijatoka kwenye maghala ya miji kwenda vijijini na mialoni. Matokeo yatangazwe kwa jina la bidhaa, redioni na kwenye mbao za matangazo, kusudi mwaminifu asifiwe na laghai ajulikane. Na kila pakiti ya chai ya viungo iseme wazi kilichomo: majani kiasi gani, kiungo gani, na kama harufu imetoka katika mmea au katika chupa ya kiwandani.

Na hapa kuna neno moja ambalo Kiswahili chetu hakituruhusu kulikwepa. Neno chai lina maana mbili. Moja ni kinywaji. Ya pili kila ofisa anaijua, na kila mwananchi aliyewahi kusubiri nje ya mlango anaijua zaidi. Msimu wa sikukuu ndio msimu wa chai zote mbili. Mkaguzi akifika ghalani akapewa chai ya bahasha, hataionja chai ya gunia. Na familia ya mvuvi wa Kome, ambayo haikuwapo ghalani, ndiyo itakayoilipia bahasha ile kikombe kwa kikombe mpaka mwisho wa Januari. Ofisa anayeona kwamba zawadi ndogo ya Krismasi haina madhara akumbuke kwamba kuna mtu anayeinywa.

Mwisho, tunalo pendekezo la furaha, kwa kuwa sikukuu haipaswi kuandikwa kwa maonyo tu. Tangu mwaka 2018 Geita imekuwa na maonesho ya teknolojia ya madini, ambapo dhahabu huonyeshwa na kushindanishwa. Kwa nini chai isipewe meza yake? Kila halmashauri, siku moja kabla ya Krismasi, iweke sokoni meza ndefu na vikombe vyenye namba, visivyo na majina. Majaji wawe watano: mama lishe mmoja, mchimbaji mmoja, mvuvi mmoja kutoka visiwani, mzee mmoja wa mtaa, na ofisa afya. Waonje kwanza majani yakiwa peke yake. Kisha waonje yakiwa na viungo. Wapewe alama kwa rangi, harufu, ladha na usafi, kila jaji akiandika kimya kimya, na majina yafunuliwe mwisho mbele ya watu. Gharama yake ni mkaa, maji na saa mbili. Faida yake ni kwamba wananchi mia mbili watakaosimama kutazama watarudi nyumbani wakiwa wamejifunza kuhukumu, na mtu aliyejifunza kuhukumu chai hatadanganywa kwa urahisi katika asali, maziwa na unga.

Faida nyingine itamfikia mkulima wa chai. Sehemu kubwa ya chai ya Tanzania huuzwa nje, na kwa miaka mingi ilipita katika mnada wa Mombasa kabla mnada wetu wenyewe haujaanzishwa Dar es Salaam Novemba 2023. Huko minadani chai ya Mufindi, Njombe na Rungwe huonjwa na watu wanaojua thamani yake. Ni fedheha kwamba mnywaji wa nyumbani, anayeishi nchi moja na shamba, anajua kuhusu chai hiyo pungufu ya mnunuzi wa ng'ambo. Siku mnywaji wa Shinyanga atakapodai majani bora, chai bora itapata sababu ya kubaki.

Basi mgeni akibisha hodi katika sikukuu hizi, akaitikiwa "Mwangaluka" na kukaribishwa mkekani, apewe chai yenye tangawizi, iliki au karafuu, kadiri mwenye nyumba alivyojaliwa. Ila mwenye nyumba awe ameionja kwanza bila hivyo vyote, akaijua. Kumpa mgeni kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui si ukarimu wa kwetu.